Mifuko Mia Nne ya Halwa

Jumatatu, 19 Januari 2026

Kuanzia leo mimi ni dizaina. Bado sijaajiriwa, lakini hilo ni suala la siku tu.

Daftari hili nililinunua la kuandikia tarehe za kliniki za Hamzah. Sasa ana miezi minane na meno mawili, na kurasa chungu nzima zimebaki tupu. Nazichukua mimi. Akikua atasoma mama yake alianzaje.

Habari yenyewe. Bwana Ghassan, mwenye duka la kuchapisha pale Chake Chake, anatafuta mtu wa kumchorea kazi. Kadi, lebo, mabango. Kompyuta ipo. Feni ipo. Kiti kipo, tena kinazunguka! Nilikikalia leo alipokwenda kuswali Adhuhuri. Nikazunguka mara tatu. Ya nne nikaangusha kopo la kalamu.

Nilimwonyesha kazi zangu kwenye simu. Tangazo la hitma ya babu, tangazo la ubuyu la jirani, na kadi ya arubaini ya Hamzah, ile yenye maua pembe zote nne. Nimejifunza peke yangu, Hamzah akilala. Kaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikasema mpaka skuli ya Wawi. Niliishia kidato cha pili, lakini yeye hakuuliza darasa.

Tatizo lina jina. Shadya. Kasoma Unguja miaka miwili, ana cheti, ana laptop, ana miwani ambayo sidhani kama anaihitaji. Naye anakitaka kiti.

Bwana Ghassan kasema hachagui kwa maneno. Bi Rawya, yule wa nyumba kubwa yenye mlango wa nakshi, anamwoza binti yake Ijumaa ya tarehe 30. Anataka mifuko mia nne ya karatasi ya kutilia halwa, igaiwe msikitini baada ya nikaha. Mimi na Shadya kila mtu alete mchoro wake Jumamosi. Bi Rawya atachagua. Atakayechaguliwa, kiti chake.

Hafidh, mume wangu, anabeba mizigo bandarini Mkoani. Asubuhi mgongo ulimkatalia kabisa. Nilimvalisha shati kama ninavyomvalisha Hamzah. Kwa hiyo kiti kile sikitaki kwa kuzunguka tu. Nakitaka na kwa kuzunguka pia.

Jumanne, 20 Januari

Nimechora dele la kahawa. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamize, kavaa miwani yake, kaitazama simu kwa utulivu. Kasema bata mzuri.

Nimechora sahani ya halwa. Kauliza tope hili la nini.

Nimechora mkono wa bwana harusi umeshika mkono wa bibi harusi. Hapo aliniita pembeni, kwa upole, akanikumbusha kuwa mifuko inakwenda msikitini na Shehe Khatib ana presha.

Hamzah kampenda bata. Kamlamba mpaka simu ikajizima.

Jumatano, 21 Januari

Mpango! Kwenda kumtembelea Shadya. Si upelelezi. Ni kumjulia hali, na macho yakiangukia kwenye laptop, basi yameandikiwa.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi: Hamzah alie, Shadya aende ndani kumletea maji, mimi nichungulie. Hamzah alikuwa kalia tangu alfajiri kwa meno, silaha iko tayari. Tunafika kwa Shadya, mtoto akawa wa peponi. Anacheka na pazia. Anacheka na ukuta. Nilifikiria kumfinya kidogo. Nikaitazama shingo yake yenye poda, mkono ukanigomea.

Wala haikuhitajika. Shadya mwenyewe kaifungua laptop, kaniwekea mbele. Mfuko mweupe. Ndani karatasi ya nta, samli isipenye. Nje jani moja la mkarafuu, dogo, pembeni. Basi! Hakuna hata ua. Kama mfuko wa vidonge. Nilimsifu kwa moyo wote, maana nilijua nimeshashinda.

Kaniuliza yangu imefika wapi. Nikasema bado naiwaza. Kasema yeye kila kazi huanza na swali moja.

"Mtu akishakula, Saada, mfuko unakwenda wapi?"

Nikamwambia unakwenda chini, dada. Mifuko yote ya dunia inakwenda chini. Miaka miwili Unguja kwa swali kama hilo!

Kamponda Hamzah ndizi, kamlisha mwenyewe, kampa na kijiko aende nacho nyumbani achezee. Ni mtu mzuri, kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 23 Januari

Nimepata.

Bi Mwanamize alikuwa akimlisha Hamzah uji. Kila kijiko, "Sema Bismillahi, baba." Kijiko, Bismillahi. Kijiko, Bismillahi. Hamzah hasemi kitu, anapanua mdomo tu. Kwenye kijiko cha sita niliruka mpaka bibi wa watu akamwaga uji.

Bismillahi! Mtu anataka kula halwa, anaushika mfuko, anaisoma. Mfuko wenyewe unamfundisha adabu. Nilisoma chuo cha Kurani miaka sita, na khati yangu ya Kiarabu ndiyo iliyokuwa ikibandikwa ukutani. Nimechukua kalamu ya mwanzi na wino, nimeiandika kwa mkono kwenye karatasi, ndefu, yenye mikia. Nimeipiga picha. Nimeipaka dhahabu kwenye simu. Nimeizungusha mfuko mzima, mbele, nyuma, mpaka kwenye kitako, pasibaki pahala patupu.

Ngoja tuone jani la mkarafuu litasema nini hapo.

Bi Mwanamize kaibusu simu. Hafidh kaja kutoka Mkoani amepinda kama ndoana, kaitazama, kasema hata mgongo umepoa. Anasema uongo, lakini uongo wa mume mwema.

Jumamosi, 24 Januari

Ushindi.

Shadya alitangulia. Kaeleza robo saa nzima. Nta, samli, mtumiaji. Bi Rawya alipiga miayo miwili ndani ya mtandio. Ikafika zamu yangu. Sikueleza kitu. Nilimpa simu nikasema, "Soma, Bi Rawya."

Kasoma. Machozi yakamtoka. Kasema binti yake wa pekee anaolewa, na jina la Mola litakuwa mkononi mwa kila mtu siku hiyo. Shadya kafungua mdomo aseme neno. Bi Rawya kamwinulia mkono wenye bangili zote.

Bwana Ghassan aliitazama, anajikuna ndevu. Mwisho kasema kadi zote za harusi anazochapa zina Bismillahi juu, na mfuko ni ndugu yake kadi. Kasema tu kwamba karatasi ya nta itaachwa, dhahabu na nta kwa pamoja hazimlipi. Nikasema nani anaijali nta.

Nikaha ikienda salama, kiti ni changu Jumatatu ya tarehe 2. Nilimpa Shadya mkono wa pole. Pole yenyewe niliifanyia mazoezi njiani.

Alhamisi, 29 Januari

Leo tumetia halwa. Wanawake ishirini na zaidi uani kwa Bi Rawya, sinia kwa sinia, na mifuko yangu imepangwa inametameta. Kila anayeshika mmoja, mashaallah. Bi mmoja kaomba wake akautundike sebuleni. Mwengine kaugeuza huku na huku, kasema, "Huu hautupwi huu." Nimeyaandika maneno yake kama yalivyo, nitakuja kumsomea Shadya.

Kufika Laasiri mifuko imeanza kufanya rangi chini, samli ya halwa inapenya. Mama mmoja kauliza kama ni sawa. Nikasema inang'aa.

Hamzah kapakatwa na wanawake wote ishirini. Kila mmoja kaambiwa, mama yake huyu ndiye aliyechora. Nilijifanya sisikii. Nikasogea karibu nisikie zaidi.

Kesho nikaha. Keshokutwa sina la kufanya ila kusubiri kiti.

Ijumaa, 30 Januari

Sijui niandike vipi. Naandika kama Hafidh alivyonihadithia, maana wanawake tulikuwa nyumbani kwa Bi Rawya na yote yametokea msikitini.

Nikaha imefungwa baada ya Laasiri. Salama kabisa, bwana harusi hata hakugugumiza. Mifuko ikapita barazani na uani. Watu wakaisifu. Wakasema Bismillahi, wakala. Mpaka hapo mimi ni malkia wa Chake Chake.

Halwa ikaisha.

Kila mtu ana mfuko mtupu mkononi, umelowa samli, una jina la Mwenyezi Mungu mbele na nyuma. Mtu wa kwanza akateremsha mkono kuuweka chini. Akaona wenzake wanamtazama. Akaupandisha tena. Kila mtu akamtazama jirani yake anafanya nini, na jirani hafanyi kitu.

Kahawa ikaja. Mkono mmoja una mfuko, mwengine umejaa samli, na samli mtu hujipangusia kwenye karatasi, na karatasi ni hiyo. Vikombe vilirudi vimejaa. Wenye haraka wakaitia mifuko ndani ya kanzu. Kanzu nyeupe, Ijumaa, za harusi! Hafidh anasema ungewaona, kila mmoja ana doa nyongani ukubwa wa sahani, safu nzima, kama sare ya skuli.

Mzee mmoja akauweka wake ndani ya kofia, akaivaa. Baada ya muda akaanza kung'aa uso. Watu wa kule nyuma wakadhani ni nuru.

Bwana harusi ndiye aliyeonewa. Watu wazima walimpa mkono wa pongezi, na kwenye mkono mna mfuko. Hawezi kukataa. Alitoka msikitini amekumbatia mifuko kama thelathini, anatabasamu kama mtu aliyezaa mapacha.

Mzee Bakar ndiyo kisa chenyewe. Alibanwa na haja. Chooni haingii na jina la Mungu mfukoni. Akamwomba wa kulia amshikie, yule amejaa. Wa kushoto amejaa. Alizunguka msikiti mzima akibisha hodi kwa watu, "Yakhe, nishikie," na hakupata mkono mtupu. Mwisho Shehe Khatib mwenyewe alimpokelea. Mzee Bakar akenda mbio, na ana miaka sabini na minane.

Hafidh alihadithia haya yote bila kucheka. Alipogeuka kuvua kanzu nikaona mabega yanamtikisika.

Chini kwenye kila mfuko, kwa herufi ndogo, nilikuwa nimeomba liandikwe: Mchoraji ni Saada wa Wawi.

Jumamosi, 31 Januari

Watu wanajua kusoma. Wameniletea nyumbani.

Wa kwanza kabisha hodi jua halijapanda. Katoa salamu, kauliza hali ya mtoto, kaniwekea mifuko sita juu ya kibaraza. "Yako hiyo, bibi." Wengine wameleta ya mtaa mzima ndani ya ndoo. Hakuna aliyetukana. Bora wangetukana. Bi Mwanamize anapokea kila mzigo na kusema ahsante, kama anapokea mbatata.

Baada ya Adhuhuri kaja Shehe Khatib. Nilijificha nyuma ya mlango na Hamzah. Hamzah kamwita kwa sauti, kwa lugha yake, nikalazimika kutoka.

Kanzu ya Shehe ina doa. Nililitazama hilo doa muda wote, uso wake sikuuweza. Hakupandisha sauti. Kasema nia yangu Mungu anaijua, na khati ni nzuri, kwa khati nimefuzu.

"Lakini mwanangu, jina unalolitukuza unampa mtu mkononi. Kabla hujampa, jua atalishusha wapi."

Maneno haya nimeyasikia pahala. Sikumbuki wapi.

Katufundisha la kufanya. Tumeichoma yote katika karai jipya, kidogo kidogo. Majivu Hafidh kayazika chini ya mwasumini, pembe ya ua ambayo hapiti mtu. Alichimba kwa ule mgongo wake na hakuniruhusu nishike jembe. Dhahabu ilipoungua ikawa ya kijani. Nilikaa pale nikalia. Hamzah kanipiga kofi la shavu, mkono umejaa ndizi, akaona nimenyamaza, akanipiga na la pili.

Bi Rawya kaja jioni. Nilisimama kama mwizi. Kakaa mkekani, kavuta pumzi, kasema mume wake hana kanzu iliyobaki ya kuvaa, na machozi yake yeye mwenyewe ndiyo yaliyomdanganya. Kisha kasema kitu kingine. Kasema kila harusi aliyoiona, asubuhi yake ua wa msikiti ni takataka tupu. Leo mfagiaji kenda na fagio lake, karudi nalo, hakukuta cha kufagia.

Nimelishika hilo. Sina jengine la kulishika.

Jumatatu, 2 Februari

Nimekwenda Chake Chake kurudisha kiti ambacho sijapewa. Nimempeleka na Hamzah, nilidhani mbele ya mtoto Bwana Ghassan hatapiga kelele.

Shadya yuko juu ya kiti. Hazunguki. Mimi ningekuwa nazunguka.

Nikaanza kuomba radhi. Bwana Ghassan kanikatiza. Kasema aliuona mfuko kwa macho yake, aliuchapa kwa mashine yake, na miaka ishirini ya kazi haikumwambia kitu. Lawama tugawane. Kiti lakini hagawi, ni cha Shadya, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiuliza.

Nikasema sawa. Nikasema Shadya kakistahiki, na safari hii sikufanya mazoezi. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, nawaza nitamwambia nini Hafidh na mgongo wake, Shadya akaniita.

"Bwana Ghassan," akasema, "mimi najua kitu kinakwenda wapi. Lakini sijawahi kumliza mteja kwa furaha. Huyu amemliza. Mwekee kiti."

Bwana Ghassan kajikuna ndevu. Kajikuna sana. Kisha kaingia ndani, katoka na kiti cha plastiki, kakiweka upande wa pili wa meza, chini ya feni hiyo hiyo. Mwezi mmoja wa majaribio. Sharti moja: hakuna kazi yangu inayokwenda mashine kabla Shadya hajaiona.

Nimekikalia. Hakizunguki. Nimejaribu.

Nilimwambia Hafidh mlangoni, bado sijavua viatu. Kamchukua Hamzah, kamwinua juu mara mbili, akasahau kabisa kuwa ana mgongo. Ya tatu akakumbuka.

Alhamisi, 5 Februari

Siku ya nne kazini. Mashaallah. Nimechora lebo mbili za sabuni na tangazo la mbuzi. Shadya kaniondolea maua kumi na moja. Nimemsamehe.

Leo asubuhi kenda Unguja kumtazama shangazi yake mgonjwa, atarudi Jumapili. Na leo hiyo hiyo, angalia mambo ya Mungu, kaingia Bwana Nasor, mwenye nyumba ya wageni kule Mkoani. Anataka mazulia madogo ya mlangoni, yale ya kufutia miguu, moja kwa kila chumba. Yachapwe kitu kizuri cha kumkaribisha mgeni. Anayataka Jumamosi, watu wanaanza kuwasili. Bwana Ghassan kaniuliza kama Shadya keshaona. Nikamwambia Shadya najua atasema nini, na kweli najua. Kakubali, Jumamosi haingoji.

Maana nimejifunza. Hamzah, mwanangu, ukisoma hapa ujue mama yako ni mtu wa kujifunza. Sikukurupuka. Nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki, nimefumba macho, nimeuliza swali la Shadya kama anavyoliuliza mwenyewe. Mtu akishatumia, zulia linakwenda wapi?

Haliendi popote! Hilo ndilo jawabu. Si kitu cha kutupwa. Si la karatasi, halinywi samli, hakuna atakayelitia kwenye kanzu.

Na mtu akiingia chumbani husema nini? Lile lile analolisema akitaka kula. Kalamu ya mwanzi ninayo. Wino wa dhahabu wa mashine umebaki nusu chupa, kama uliowekwa. Bwana Nasor nimemwonyesha kwenye simu, machozi yamemlengalenga.

Tunachapa kesho. Zulia litakaa pale pale mlangoni miaka na miaka, na kila mgeni atakayeingia, atake asitake, lazima apite juu yake.